Goti Lisilotaka Kugeuka

Hakuna mtu aliyemgusa. Hilo ndilo lililomuudhi Filimbi kuliko maumivu yenyewe. Kama angepigwa daluga, au angegongana na beki mwenye mwili wa kabati, angalau angepata wa kumlaumu. Lakini ilikuwa jioni ya kawaida ya mazoezi ya waamuzi, na yeye alikuwa anakimbia kinyumenyume kama kazi inavyotaka, macho kwenye mpira. Mpira ukapigwa upande wa pili. Akakanyaga ili ageuke aufuate, mguu ukabaki pale pale huku mwili umeshaondoka, na ndani ya goti la kulia kikalia kitu: tak! Akaanguka.

Wenzake wakaja mbio. "Vipi, Filimbi?"

"Nimeteleza." Aliinuka kabla hawajamwinua, akajipangusa. "Nyasi zimelowa."

Nyasi zilikuwa kavu kama ufagio, lakini nani abishane na mwamuzi wa kati?

Jina hilo alipewa mtaani zamani, kwa sababu hata akienda sokoni filimbi ilikuwa shingoni. Alikuwa amechezesha ligi ndogo za wanawake muda mrefu kiasi kwamba wasichana aliowaonyesha kadi za kwanza sasa walikuwa wanakuja uwanjani na watoto wao. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kuchezesha ligi kuu. Mtihani wa mbio wa kupanda daraja ulikuwa mwezi uliofuata, na chama cha waamuzi kina kikomo cha umri. Yeye alishafika ukingoni mwa kikomo hicho. Akikosa safari hii, basi, ndiyo imetoka. Mtu wa hali hiyo hana nafasi ya kuumia goti. Akajiambia hajaumia.

Goti lenyewe halikusikia. Alipofika nyumbani lilikuwa limeumuka kama unga uliotiwa hamira, na suruali ya mazoezi ilimbana hadi mama yake akachukua mkasi. Mama alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ilikuwa nusu sebule nusu karakana: mashine dirishani, meza ndefu ya kukatia vitambaa katikati, na vipande vya nguo za watu kila mahali.

"Umefanya nini?"

"Nimeteleza, mama."

"Umeteleza na goti peke yake? Mbona makalio hayana hata vumbi?"

Mama hakungoja jibu. Alichemsha maji, akachovya taulo, akakanda. Kisha akapaka mafuta na kuchua kwa vidole vilivyozoea kunyoosha vitambaa vikaidi. Filimbi aliuma mto wa kiti. Kadiri goti lilivyochuliwa ndivyo lilivyozidi kuvimba, na kadiri lilivyovimba ndivyo mama alivyozidi kuchua, maana alikuwa na imani kwamba kitu kinachovimba ni kitu kinachobisha.

Hapo ndipo wifi alipoingia.

Wifi, mke wa kaka yake Filimbi, alikaa nyumba ya pili, na alifanya kazi hospitalini, kitengo cha mazoezi ya tiba. Waliovunjika, waliopooza, waliotoka kupasuliwa, wote walipitia mikononi mwake kujifunza upya kukaa, kusimama na kutembea. Yeye na Filimbi walipendana kama mawifi wengi wanavyopendana, yaani kwa mbali na kwa mafumbo.

"Mama, acha! Usichue, usikande. Moto unaita damu zaidi." Alikuwa ameshafungua friji. Akafunga barafu kwenye kanga, akaiweka juu ya goti, akauinua mguu juu ya mito miwili. "Barafu, kisha bandeji, na mguu ukae juu. Usiukanyagie. Limeanza kuvimba saa ngapi?"

"Njiani, narudi."

"Papo hapo? Uvimbe wa haraka hivyo mara nyingi ni damu ndani ya goti. Ulisikia mlio wowote?"

"Mlio gani?" Filimbi alisema. Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa kwanza ulikuwa bado haujakauka.

Kwa siku kadhaa alilala kwenye kochi mguu ukiwa juu ya mito, na kulala huko kulimtesa kuliko goti. Alihesabu vishikizo kwenye kopo la mama. Aligombana na redio. Kila aliyepiga simu aliambiwa ana mafua. Uvimbe ulipopungua na goti likaanza kukunjika, wifi alikuja na kumwambia apande kwenye meza ya kukatia.

"Hapo juu? Unataka kunishona?"

"Hapo pagumu, ndipo nitakapoona vizuri. Lala, legeza mguu. Naanza na mzima."

Alilikunja kidogo goti la kushoto, mkono mmoja ukashika paja, mwingine ukashika muundi chini ya goti, akauvuta muundi mbele. Ukasogea kidogo, ukakwama. "Umesikia? Kama droo. Ukiivuta inafika mahali inagonga na kukataa. Sasa huu."

Akaushika wa kulia. Akauvuta. Filimbi alisubiri ule mgongano, na haukuja. Muundi ulikwenda, ukaendelea kwenda, laini, bila kugonga popote. Wifi alirudia tena polepole, kisha akauweka mguu chini kwa upole ambao Filimbi aliuchukia papo hapo.

"Ndani ya goti, katikati, kuna ligamenti. Ni kamba fupi ngumu inayoshika muundi usikimbie mbele ya paja. Yako nadhani imekatika. Tupige picha kuhakikisha, kisha tumwone daktari wa mifupa. Si kila mtu anapasuliwa, wapo wanaojenga misuli ya paja wakaishi vizuri tu. Ila mtu wa kukata kona kama wewe, mara nyingi wanatengeneza kamba mpya. Baada ya hapo ni mazoezi, miezi tisa hivi, au zaidi."

"Miezi tisa! Nimekwambia nina mimba?"

Mama alicheka. Wifi hakucheka.

"Natembea, wifi. Jana nimetembea mpaka dukani. Haliumi."

"Utatembea. Kwenda moja kwa moja hakuhitaji sana ligamenti hiyo. Inahitajika unapogeuka. Na kila goti litakapokuponyoka, linasaga ile mito laini iliyo kati ya mifupa. Leo una tatizo moja, ukilazimisha utakuwa na matatu."

Filimbi aliteremka mezani akitafuta jambo la kusema, akapata baya kuliko yote. "Sema tu hupendi nipande. Kwenye familia hii wewe ndiye wa kusifiwa, sivyo? Mwingine akitaka kuinuka, mara goti, mara kamba."

Wifi alichukua mkoba wake. Akaenda zake.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Wifi si mkuu wangu. Nimemzidi umri."

"Na guu je? Si lako?"

Ikawa Filimbi anaamka alfajiri, kabla mama hajafungua dirisha, kwenda kukimbia kwenye barabara ya lami nyuma ya ghala. Barabara ile ilikuwa imenyooka kama rula. Siku ya kwanza alikwenda polepole, moyo ukidunda kuliko miguu. Goti halikuuma. Siku ya pili akaongeza, halikuuma. Wiki ya pili alikuwa anakata mbio fupi, anapumzika, anakata tena, na goti liko kimya kama mtoto aliyeshiba. Alicheka peke yake barabarani. Kumbe wifi na droo zake! Kila aliyewahi kufanya mtihani wa waamuzi wa kati anajua ulivyo: ni mbio za kunyooka na kupumzika, mbio na kupumzika, kuzunguka njia ya riadha ambayo kona zake ni pana mno hata lori linazipita bila kukanyaga breki. Filimbi alijipima kwa kipimo cha mtihani, akajiona mzima. Waamuzi ndivyo walivyo, wakishafaulu mbio hawana swali jingine kwa miguu yao.

Ila mwili una namna yake ya kusema. Kwenye ngazi za kushuka, goti lilikuwa linamponyoka ghafla, kama ngazi imeondolewa. Jikoni, akiitwa kwa nyuma, hakugeuka tena. Alipiga hatua ndogo ndogo za kuzunguka mpaka uso ukafika ulikokuwa unaitwa. Usiku alilala vibaya. Mchana hakutulia mahali, akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kukaa, na mkono wa kulia ulizoea kwenda kwenye goti kulibonyeza kama mtu anayehakikisha mfukoni bado kuna ufunguo.

"Siku hizi unageuka kama lori la mchanga," mama alisema. "Nikuwekee na mtu wa kukuelekeza nyuma?"

"Nafanya mazoezi ya hatua, mama."

Mtihani akafaulu. Tena vizuri. Alipovuka mstari wa mwisho alipiga magoti, la kushoto kwanza, akalia kwa furaha hadi wenzake wakamwinua. Akamtumia wifi ujumbe: *Droo imefungwa.* Jibu lilikuja baadaye: *Hongera, wifi. Usigeuke ghafla.* Aliusoma mara nyingi akitafuta wivu ulipojificha, na hakuuona. Hilo nalo likamnyima raha.

Siku ya mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, jukwaa lilijaa kuliko alivyowahi kuona. Juu, karibu na chumba cha wageni, alikaa mkaguzi wa waamuzi, mzee mnene mwenye miwani, kazi yake kumtazama yeye tu. Chini, karibu na mstari, alikaa mama amevaa gauni aliloshona kwa ajili ya siku hiyo. Pembeni ya mama alikuwa wifi, na miguuni pa wifi kulikuwa na kile kisanduku cha kubebea soda wanachokwenda nacho kwenye sherehe. Filimbi aliwaona akipasha mwili. Akaona mama anajaribu kukifungua na wifi anakifunika kwa mkono. Hata siku ya leo mchoyo wa soda, Filimbi aliwaza.

Alipuliza, mpira ukaanza.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Filimbi aliuona ukingo mapema. Mpira wa ligi kuu hauna adabu. Huku chini alikozoea, mchezo ulikwenda na kurudi kama watu wanaosalimiana. Hapa uliruka, ukakata, ukageuka mgongoni mwake kabla hajamaliza kugeuka yeye. Alikimbia mizunguko mipana. Alifika kila mahali, lakini alifika mwisho. Mara mbili mashabiki walimzomea kwa faulo ambazo alizipuliza akiwa mbali. Kwenye kona moja mchezaji alimpita karibu sana, akalazimika kukanyaga na kugeuka, na goti likaponyoka waziwazi, muundi ukaenda upande wake na paja upande wake. Alishika nyasi. Kisha akajifanya anafunga kamba za kiatu, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena, mpaka maumivu yakapungua na akaweza kuinua uso usio na machozi.

Mapumziko hakukaa. Waamuzi wasaidizi walikunywa maji, yeye alizunguka chumba akiburuta mkono ukutani. Alijifunga bandeji gotini, akaikaza hadi vidole vya mguu vikafa ganzi, akavuta soksi juu kuificha. Dakika arobaini na tano tu zimebaki, alijiambia. Nusu ya mchezo haijawahi kumuua mtu.

Katikati ya kipindi cha pili timu ya wenyeji ilipiga krosi. Mchezaji nambari nane, ambaye jukwaa zima lilimwita Cheche kwa jinsi alivyokuwa haonekani mpaka ameshachoma, aliruka juu ya kila mtu, akapiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Hakuna aliyemgusa. Ila Filimbi alikuwa karibu, kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa karibu, na katikati ya kelele zote alisikia: tak.

Alipuliza filimbi kabla Cheche hajaanguka chini.

Jukwaa lililipuka likidai penalti. Filimbi hakuwasikia. Alijua kile kitu kilivyo ndani. Alijua hata ladha yake mdomoni. Watu wa huduma wakaja, wakamtoa Cheche nje ya mstari, wakamwagia maji, wakamnyoosha mguu. Baada ya kitambo kidogo msichana akasimama. Akapiga hatua. Akatabasamu. Akakimbia pembeni ya mstari, moja kwa moja, kwenda na kusimama.

"Refa, mwone!" kocha wake aliita. "Mzima huyo! Mpe ishara aingie."

Mchezaji aliyetoka kutibiwa harudi uwanjani mpaka mwamuzi aruhusu. Mkono mmoja tu wa Filimbi, ukiinuliwa, ungetosha. Alikwenda mpaka kwenye mstari.

"Umesikia mlio?"

"Mlio gani?" Cheche alisema, na macho yake yakakimbilia kwenye nyasi.

Filimbi alilijua jibu lile. Alikuwa amelitoa mwenyewe, kwa sauti ile ile, akiwa kwenye kochi na barafu gotini.

"Goti lako limelia. Nimelisikia."

"Dada refa." Msichana alishusha sauti. "Nakuomba. Leo wamekuja watu wa timu ya taifa. Wamekuja kwa ajili yangu. Sina siku nyingine. Ona, nakimbia, haliumi."

"Unakimbia umenyooka."

"Sasa?"

"Sasa utageuka, na likikuponyoka litaharibu na kilichobaki. Sikuruhusu. Mwambie kocha abadilishe."

Uso wa Cheche ulibadilika. Upole wote ulimtoka. "Na wewe je? Tangu kipindi cha kwanza unageuka kama umebeba ndoo kichwani. Nimekuona pale kwenye kona. Kamba za kiatu! Mimi nitoke na goti langu, wewe ubaki na lako?"

Filimbi angeweza kumwonyesha kadi, mdomo ule ulistahili kadi. Mkono ulikwenda mfukoni, ukagusa kadi, ukakaa hapo. Alitazama juu, mkaguzi ameinama mbele, kalamu imesimama. Alimtazama mama, kisha wifi, ambaye alikuwa ameshasimama, mkono kwenye mpini wa kisanduku, akingoja kama mtu aliyekuwa anangoja tangu asubuhi.

Miaka yote ile alitaka kusimama hapa, na sasa alikuwa amesimama hapa. Moyo ulimuuma kuliko goti. Kama akimruhusu Cheche, wote wawili wangemaliza mchezo. Kama akimkatalia halafu yeye abaki, angeishi na maneno yale maisha yake yote.

Alitoa mkono mfukoni, akamwita mwamuzi wa akiba.

"Chukua mchezo."

"Nini? Kwa nini?"

"Goti langu halifai. Halijafaa tangu zamani." Alimweleza anavyotakiwa kuuanzisha mpira upya, kwa sauti ya kazi, bila kutetereka. Kisha akavuka mstari, na alipovuka tu ndipo alipoanza kuchechemea, maana sasa hakukuwa na wa kumficha. Mashabiki walizomea, wengine wakapiga makofi, wengi hawakuelewa. Juu kule mkaguzi alivua miwani. Mechi ya kwanza ya Filimbi katika ligi kuu ilikuwa imekwisha, na alijua ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Alijitupa kwenye benchi la pembeni, jirani na Cheche aliyekuwa analia kwa hasira taulo likiwa kichwani. Filimbi naye alilia, wazi, bila taulo.

Wifi alifika na kisanduku chake. Hakusema "nilikwambia." Alipiga magoti kwenye nyasi mbele ya msichana.

"Naomba mguu, mwanangu. Kabla goti halijavimba ndiyo wakati mzuri wa kulipima."

Akavuta wa kushoto, ukagonga. Akavuta wa kulia. Filimbi hakuhitaji kuambiwa, aliona muundi ukienda zake bila kukataliwa. Wifi alirudia, akauteremsha mguu kwa upole ule ule, kisha akainua macho, si kwa Cheche bali kwa Filimbi.

"Ni nini?" Cheche aliuliza. "Mbona mmenyamaza? Dada, ni nini?"

Filimbi alijifuta pua kwa mkono wa jezi.

"Ndani kuna kamba inayoshika mfupa huu na huu," alisema. "Yako imekatika. Yangu pia imekatika. Nimeificha tangu siku ile, nimekimbia nayo, nimefanya mtihani nayo, na nimemtukana aliyeniambia ukweli." Alishusha soksi, bandeji ikaonekana. "Kesho tutakwenda kupiga picha, wewe na mimi. Halafu daktari atasema. Ni miezi mingi, na yote ni mazoezi. Ila wewe umri unao, utarudi. Nisikilize, utarudi."

"Na wewe?"

Filimbi alimtazama wifi yake. "Wifi, nilikusema vibaya."

"Ulisema mengi, sijui hata nianze na lipi. Nyoosha mguu huo, nifungue bandeji. Hii umejifunga au umejinyonga?"

Mama alikuwa ameshafika, anahema, gauni jipya limeshika nyasi. Wifi alifungua kisanduku. Hakukuwa na soda hata moja. Kulikuwa na mfuko wa barafu, mmoja, bandeji, na kanga ile ile ya siku ya kwanza.

"Nilichukua ya mtu mmoja," wifi alisema.

Akaugonga mfuko kwenye ukingo wa benchi, akaigawa barafu katikati.